Imepasuka Hiyo

"Zima, zima. Imepasuka hiyo."

Wimbo ulikuwa haujafika hata nusu dakika. Mzee alishanyoosha mkono kuchomoa waya, kama anayemwonea huruma mgonjwa. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza yake pale Mwanjelwa, Mbeya, katikati ya redio zilizotolewa matumbo na feni zisizo na mapanga. Sabufa yangu niliileta kwa tatizo jingine kabisa: swichi ya kuwashia ilikuwa imelegea, ukiigusa vibaya inazima. Swichi alishaibadilisha. Alitaka tu kusikia kama inapiga. Nikampa flashi yangu, akachomeka, na wimbo wa kwanza kuibuka ukawa "History of Man" wa Amanaz.

"Haijapasuka, mzee. Ndivyo wimbo ulivyo."

Akanitazama. Akawasha tena. Akainamisha sikio karibu na boksi, akafumba macho, akalisikiliza lile gita likikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya zege. Akazima.

"Ndivyo ulivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

"Sasa huyo aliyerekodi, yeye hakusikia?"

Nikacheka. Nikalipa hela ya swichi, nikakumbatia sabufa yangu ndani ya daladala mpaka nyumbani. Nilipoiweka mezani kicheko kilikuwa kimeshaisha, ila swali nilikuwa nimelibeba.

Nimelibeba wiki saba.

## Gereji

Mzee aliuliza kama mtu anayedhani nimeokota kitu barabarani, kwa hiyo niseme kwanza nimekipataje.

Nilikulia Tunduma. Mama alikuwa anauza vitenge, na kwetu Nakonde haikuwa nchi ya nje. Ilikuwa upande wa pili, unakwenda asubuhi unarudi kula mchana. Kibemba nilichonacho ni cha sokoni: salamu, bei, na matusi mawili matatu. Miaka minne iliyopita binamu yangu, dereva wa malori yanayokwenda Kitwe, alinirushia mafaili ya muziki akaandika "wazee wa Zambia hao". Nikategemea kalindula, ule muziki wa dansi wa Zambia. Au rumba, maana kila mzee wa ukanda huu ana rumba yake.

Nilichosikia ni vijana wanaopiga kana kwamba nyumba inaungua na wao wanawahi kutoa vyombo.

Albamu inaitwa *Africa*, ya mwaka 1975, lebo ya Zambia Music Parlour. Bendi ilikuwa ya vijana wa Copperbelt, huko kwenye migodi ya shaba, na jina Amanaz ni herufi za mwanzo za sentensi ya Kiingereza: niulize mimi kuhusu wasanii wazuri wa Zambia. Nalipenda jina hilo. Bendi nyingine hujiita simba au radi. Hawa walijiita ofisi ya maelezo.

Wenzetu wa nje muziki wa namna hii huuita roki ya gereji, kwa kuwa vijana wa Marekani walikuwa wakijifunzia kwenye gereji za baba zao, gari likiwa limetolewa nje. Kwetu gereji ni oili chafu, betri zilizokufa na mtu aliyelala chini ya Noah akitukana boliti. Nadhani maana yetu inaufaa zaidi.

Sehemu kubwa wanaimba Kiingereza. Lakini kuna wimbo unaitwa "Kale", na hakuna aliyenitafsiria. Kale ni kale. Kuna "Khala My Friend", na ukishawahi kumsikia mtu wa Kinyanja akimkaribisha mgeni unajua kwamba khala ni kaa. Kuna "Nsunka Lwendo", na hiyo lwendo ni mwendo wetu uleule umevaa koti la jirani. Maneno haya nikiyasikia ni kama kukutana msibani na ndugu uliyekuwa unasimuliwa tu: jina humjui, pua unaitambua.

Naishi karibu na stesheni ya TAZARA. Reli hii ilianza kujengwa 1970 ikakamilika 1975, mwaka uleule wa albamu, na sababu yake kila mtu wa huku anaijua: Zambia ilikuwa na shaba, na mlango wa kusini ulikuwa mikononi mwa walowezi wa Rhodesia, ukafungwa kabisa Januari 1973. Usiku mwingine treni ya mizigo hupita wakati albamu inacheza, na kwa dakika moja au mbili sijui besi ipi ni ya Amanaz na ipi ni ya behewa.

Nimeshazoea. Hata naingoja.

## Makali mawili

Swali la mzee ukilipokea kirahisi ni la kichekesho: fundi hajui fazi, basi. Fazi ni ule mkwaruzo wa makusudi wa gita la umeme. Ningeweza kuishia hapo, nikasimulia vijiweni tukacheka.

Lakini lilikuwa na makali ya upande wa pili. *Hakusikia?* Na kama alisikia, akanyamaza kwa sababu hakuwa na la kufanya? Kama mkanda ulikuwa umebaki huohuo mmoja, saa za studio zimekwisha, na amplifaya ya kuazima ndiyo ilikuwa inakoroma?

Kwa maneno mengine: je, ninachokipenda ni muziki wao au ni upungufu wao?

Marehemu mjomba wangu alipiga gita la solo kwenye bendi moja ya huku Nyanda za Juu. Katikati ya miaka ya sabini walipanda basi mpaka Dar kurekodi. Walivyosimulia, waliingia watu tisa chumba kimoja, wakapiga nyimbo nne, mmoja akikosea mnaanza upya wote. Baadaye nyimbo hizo zikawa zinapigwa redioni kwenye vipindi vya zilipendwa, na sisi watoto tulikuwa tukikimbia kumwita, "Mjomba, wewe huyo!" Hakuwahi kuja. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Sauti ya gita langu haikuwa hiyo," akasema. "Nyie mnaona tamu kwa kuwa hamkuwepo kusikia kilichokosekana."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilidhani anaringa.

Sasa nina arobaini na moja na nimemwelewa vibaya sana, yaani nimemwelewa wakati hainisaidii. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaotoa pesa ya kununulia pikipiki kwa santuri moja asilia ya Zamrock, yaani hii roki ya Zambia ya miaka ya sabini, na kinachowavuta ni uleule ukavu, ule ubichi, sauti ya ngoma kama maboksi ya soda. Nimezoea kuwacheka. Lakini mimi nina tofauti gani nao? Nimesimama mbele ya sahani ya mtu aliyekula ugali bila mboga, nasifia jinsi sahani ilivyo safi.

Wiki mbili sikuifungulia. Nilisikiliza mpira.

## Amri mbili

Nikiwa nimejinyima muziki nikaanza kuwaza jambo la pembeni, na mnivumilie nilitaje: kwa nini huku hatukupata Amanaz wetu?

Siyo vijana. Vijana tulikuwa nao, na magita yalikuwepo. Nadhani ni amri. Kule Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Agizo linasema *wa Kizambia*, halisemi uwe wa ngoma gani. Vijana wa Kitwe na Chingola waliokuwa wamekua na santuri za Kizungu za mitaa ya migodini wakapenya na fazi zao kwenye mlango ambao pengine ulifunguliwa kwa ajili ya marimba. Huku kwetu, Novemba 1969, muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam, mwaka uleule wa Operesheni Vijana na vita vya sketi fupi. Dhamira ya nchi zote mbili ilikuwa moja, kulinda cha nyumbani. Moja ilisema nini kiingie, nyingine ikasema nini kitoke.

Sisemi tulipoteza. Tulikuwa na Mbaraka Mwinshehe, na anayetaka kulia kwamba hakupata fazi akiwa na Mbaraka ana lake jambo. Nasema tu kwamba sikio la mzee wa Mwanjelwa halikuzaliwa hivihivi. Limelelewa na muziki ambao gita likikwaruza, kuna kitu kimeharibika.

## Wembe

Na hapo ndipo nilipokwenda kusoma, kutafuta mkwaruzo wenyewe umetoka wapi. Nilikuwa natafuta silaha ya kumjibu mzee.

Nikakuta mzee yuko sahihi.

Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitaka gita lake likorome studioni kama lilivyokoroma ukumbini. Akachukua penseli akatoboa spika ya amplifaya yake. Miaka michache baadaye, Nashville, besi ya Grady Martin ilipita kwenye njia moja mbovu ya mashine ya kuchanganyia sauti, ikatoka inanguruma kama nyuki kwenye debe, katika wimbo wa mapenzi wa Marty Robbins, wimbo mpole kabisa. Wakauacha ulivyo. Ukapendwa. Fundi mitambo wa siku hiyo, Glenn Snoddy, akakaa akatengeneza kidude cha kuiga ubovu ule, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza, kinakanyagwa kwa mguu. Mwaka 1964 huko London, Dave Davies wa The Kinks, kijana mdogo bado, alichana spika yake kwa wembe. Mwaka uliofuata Keith Richards wa The Rolling Stones alikanyaga kile kidude cha Gibson, na dunia nzima ikasikia.

Soma tena orodha hiyo ukiwa umevaa miwani ya fundi redio. Penseli. Njia mbovu. Wembe. Fazi si mfano wa spika iliyopasuka. Fazi *ni* spika iliyopasuka, iliyopewa nyumba na kuuzwa dukani. Vijana wa Copperbelt walipoanza kuipiga, ubovu ule ulikuwa umeshasafiri miaka kumi na zaidi, umevuka bahari, umekuwa chombo kama filimbi.

Mzee alisikia ukweli wa kihistoria kwa sekunde ishirini, bila kusoma kitu.

Nilifurahi, halafu nikaona kwamba bado sijajibiwa. Wembe wa Davies unaeleza gita. Hauelezi albamu nzima: zile ngoma zilizo karibu mno, kama anapiga miguuni pako, na sauti ya Keith Kabwe isiyopakwa kitu, unaisikia mpaka pumzi. Hizo hakuna aliyezikanyaga kwa mguu. Je, nazo walizitaka?

## Mara mbili

Wiki ya tano nikanunua toleo ambalo lebo ya Now-Again ya Los Angeles ilitoa upya. Mpaka hapo nilikuwa naishi na mafaili ya binamu. Nikaona orodha ya nyimbo ni ndefu mara mbili, nikadhani wamekosea kupakia: majina yaleyale yanajirudia.

Hawakukosea. *Africa* ilimiksiwa mara mbili, yaani rekodi moja ilipangwa sauti zake kwa namna mbili.

Miksi ya kwanza ni ile ninayoijua, kavu, sauti na ngoma mbele. Ya pili imemwagiwa mwangwi. Ni rekodi ileile, watu walewale, makosa yaleyale kwenye sehemu zilezile, lakini bendi imetolewa chumbani ikapelekwa kwenye handaki. Sauti inafika imechelewa. Ngoma zina kivuli. "Khala My Friend", ambao kwangu ulikuwa mtu ameketi kwenye stuli mbele yangu, umekuwa mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde na huna hakika kama ni wewe unayeitwa.

Usiku huo nilitembea humu ndani kama aliyeshinda kesi.

Walisikia! Mwangwi walikuwa nao. Mtu aliketi kwenye mashine akaumwaga, na mtu aliketi akaunyima. Ukavu haukuwa kwa sababu kisima kilikauka. Bomba lilikuwepo likafungwa. Na kitu kimoja hakikubadilika katika miksi zote mbili: lile gita la "History of Man" linakwaruza vilevile. Walipata nafasi mbili za kulisafisha. Hakuna aliyejaribu.

Mjomba, nikasema moyoni, hawa hawakuwa wewe. Na nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nasema kwa furaha.

Asubuhi furaha ikaja na maswali yake. *Walichagua*, sawa, nani? Bendi, au mwenye lebo? Miksi mbili si uamuzi mmoja. Ni watu wasioafikiana, au mtu mmoja asiyeafikiana na nafsi yake. Nilikuwa nimetafuta ushahidi kwamba ubichi ule ulikusudiwa, nikapata ushahidi kwamba ulikusudiwa *na* kwamba kulikuwa na aliyekusudia kinyume chake. Na mimi binamu yangu alinipa upande mmoja tu. Angenirushia faili la upande wa pili, leo ningekuwa naandika kusifia bonde na handaki, nikidharau ile nyingine kwamba ni kavu kama rasimu.

Nikazisikiliza kwa zamu siku tatu. Nilitaka kuipenda ile ya mwangwi, kwa haki tu. Ni nzuri. Kwenye "Making the Scene" pengine ni nzuri zaidi.

Lakini kila mara nilirudi kwenye kavu, na hasa kwa ajili ya "Khala My Friend", na hasa kwa kitu kimoja ambacho sijawahi kumwambia mtu. Chini ya wimbo ule, kila besi inaposhuka, kuna mtetemo mdogo, kama mtu anajizuia kulia na kidevu kinamsaliti. Katika miksi ya mwangwi sikuusikia vizuri. Nikasema hicho hapo, hicho ndicho mwangwi umekifunika. Nikaandika na daftarini: *kidevu*.

Kuna kitu kingine nilipaswa kukijali. Nikivaa spika za masikioni, kidevu hakipo. Siku zote nililaumu spika za masikioni.

## Kidole gumba

Jumamosi nikarudi Mwanjelwa. Nilibeba sabufa kwa ajili ya ushahidi. Nilikuwa na hotuba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Swichi tena?"

"Hapana. Nimekuletea jibu."

Akaendelea kulehemu, lakini akanisogezea stuli. Nikamweleza yote. Penseli ya Link Wray ilimfurahisha; akaacha kulehemu. Wembe ulimkera ("spika nzima? kwa wembe?"). Njia mbovu ya Nashville aliielewa haraka kuliko mimi, akanieleza yeye kwa nini ingetoa sauti ile, na nusu ya maelezo yake sikuyafuata. Nikamchezea miksi kavu, nikamchezea ya mwangwi. Akasikiliza zote kwa heshima ya daktari.

"Kwa hiyo alisikia," akasema.

"Alisikia."

"Vizuri. Hao Wazambia hawana kosa." Akachukua bisibisi. "Lakini na yako imepasuka."

Nikaanza kucheka tena kama mara ya kwanza, yeye akawa ameshafungua skrubu mbili. Akang'oa kitambaa cha mbele. Akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya spika, karibu na ukingo, akasukuma taratibu. Karatasi ikafunguka kama mdomo. Mpasuko wa vidole vitatu, umezeeka, kingo zake zimeota nyuzinyuzi.

"Huu si wa leo," akasema. "Umenunua mkononi?"

Nilinunua mkononi. Miaka minne na nusu iliyopita, kwa mtu aliyekuwa anahamia Songea.

"Uliposema ndivyo wimbo ulivyo, nikanyamaza. Nilisikia vitu viwili vinakoroma. Kimoja ukakitetea sana, nikasema basi na kingine pengine anakijua."

Ukingo wake ulikuwa umechakaa, gundi isingeshika muda mrefu, akasema bora kubadilisha. Akatafuta kwenye boksi spika ya ukubwa ule, akanitajia bei, nikatoa. Ilimchukua kama dakika ishirini. Mimi nilikuwa naangalia ile ya zamani juu ya meza, imelala chali, na tayari nilikuwa najua.

"Jaribu unaoutaka," akasema.

Nikaweka "Khala My Friend". Miksi kavu.

Besi ikashuka. Ikashuka safi, nzito, ya duara, ikafika chini ikakaa.

Hakuna kidevu.

Nikarudisha nyuma. Nikapandisha sauti. Mzee ananiangalia. Gita lipo, mwimbaji yupo na pumzi zake zote, ngoma zipo miguuni. Yule anayejizuia kulia hayupo. Hakuwahi kuwepo Copperbelt, wala 1975. Alikuwa nyumbani kwangu, kwenye karatasi ya spika niliyoinunua kwa mtu wa Songea, na kwa miaka minne nilimpigia magoti nikimwita Zambia.

"Umeipenda?" mzee akauliza.

"Ni safi," nikasema.

"Sijauliza hivyo."

## Alichotaka mzee

Nimeandika haya yote na bado sijui niiweke wapi ile sauti. Kuidai kwamba ni yao ni uongo. Kuitupa siwezi. Wimbo bila hiyo ni mzuri zaidi, nadhani. Sasa nasikia kitu besi inafanya kabla ya kiitikio ambacho mkoromo ulikuwa unakifunika. Namsikia mpiga besi kwa mara ya kwanza, mtu mtulivu, anayeacha nafasi. Miaka minne nilikuwa namsikia amekalia mwiba.

Nilimwomba mzee ile spika ya zamani. Akanipa bila swali, kwenye mfuko, kama mtu anayekabidhi jino lililong'olewa.

Nilipokuwa nafunga mfuko akaniita.

"Mwanangu, huo wimbo wa kwanza. Ule wa bati. Niwekee kwenye flashi yangu."

Nilidhani nimepata mpenzi mwenzangu wa Amanaz. Nikawa nauliza nimwekee albamu nzima, na miksi zote mbili?

"Huo mmoja unatosha." Akageukia nyuma ya duka, akaita. Akatoka kijana wa miaka kumi na saba hivi, mwanafunzi wake, bisibisi sikioni. Mzee akachomeka flashi kwenye redio nyingine, nzima kabisa, ya mteja, ilikuwa tayari ina karatasi ya jina inangoja kuchukuliwa. Akabonyeza.

Gita likaanza kuburuta bati lake juu ya zege.

Kijana akainamisha sikio, akafumba macho, vilevile kama mwalimu wake alivyofanya. Sote wawili tukanyamaza. Sekunde kumi. Kumi na tano. Akachomoa bisibisi sikioni, akageuza redio ya watu kifudifudi, akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.

Mzee akanikonyeza, akamwacha afungue.